Meno Mawili kwenye Pete

Mimi ni sonara. Watu huniletea dhahabu za marehemu wao niziyeyushe, niwatengenezee wajukuu pete za uchumba. Sharti langu ni moja: sigusi dhahabu ya familia mpaka niambiwe imetoka mkononi mwa nani na kapewa nani. Wateja nimewakomalia kwa sharti hilo miaka ishirini. Walipokuja ndugu zangu wenyewe, nikalimeza.

Asubuhi hiyo dada yangu mkubwa aliingia dukani na mwanawe, pamoja na mchumba wa mwanawe, binti mpole, fundi cherehani. Dada akafungua leso, akaweka mezani bangili ya mama. Mama tulikuwa tumemzika mwezi mmoja nyuma.

"Mama alinipa mwenyewe," akasema. "Mtengenezee mkwe wetu pete."

Bangili ile naijua kuliko sura yangu. Ukingoni ilikuwa na vibonyeo viwili, alama za meno yangu ya kwanza. Nilipokuwa naota meno niliitafuna kutwa mkononi mwa mama, naye akiwaonyesha wageni huku akicheka: "Huyu ataka kula urithi nami ni hai."

Na nilijua jingine. Mkono wa mama ulivimba kwa maradhi, bangili ikawa haivuki tena kiganja. Alituambia sote, akifa ikatwe, apewe Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, aliyemlisha na kumgeuza kitandani miaka tisa. Sasa ilikuwa imekatwa kweli, mkato mwembamba kama uzi. Ni msumeno wangu. Dada aliuazima wiki moja kabla ya msiba, eti kufuli limegoma. Na kwenye mkato palikuwa na damu iliyokauka. Maiti hatoki damu.

"Uliikata lini?" nikamnong'oneza.

"Usianze, mdogo wangu. Watoto wanasikia."

Kufa kufaana, wanasema. Sisi hatukungoja hata kufa. Nami, mwanamume mzima, nikafunika kombe mwanaharamu apite.

Nikapima kidole cha binti. Nikaiyeyusha bangili ikawa uji, nikaifua, nikaikunja, nikaing'arisha. Nilipoiinua nikaitazama mwangani, ukingoni mwa pete palikuwa na vibonyeo viwili. Dhahabu ikishakuwa uji haibaki na alama yoyote. Nikavisawazisha kwa tupa, nikajiambia nyundo iliteleza.

Pete ilimkaa binti vizuri, watu wakapiga vigelegele. Siku ya tatu alikuja dukani peke yake, mkono kauficha ndani ya mtandio.

"Mjomba, inabana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kila mama mkwe akinishika mkono, inabana zaidi."

Kidole kilikuwa kimeiva. Nikachukua msumeno. Uzi wa msumeno, ule utepe mwembamba wenye meno, ukakatika. Nikaweka wa pili. Ukakatika. Wa tatu ulikatika kabla haujagusa dhahabu.

Binti hakulia. Alinitazama tu. Nilijua la kufanya. Nimwite dada, nimwite Kitinda, yasemwe yaliyotendeka. Nikaurudisha msumeno mahali pake.

"Nenda hospitali," nikasema.

Hospitali nako pete haikukatika. Wakakata kidole. Kilikuwa cha mkono unaoongoza kitambaa kwenye sindano, na cherehani yake mpaka leo imefunikwa. Mpwa wangu akavunja uchumba. Dada akasema binti alikuja na mkosi wake kutoka kwao. Nilimsikia akisema hivyo, na bado nikanyamaza. Najichukia kwa hilo.

Pete ilirudishwa kwangu ikiwa nzima. Ndipo nikamwita Kitinda. Nikamweleza yote: msumeno, mkato, damu. Nikamsukumia pete, nikamwambia ni haki yake. Akaitia kidoleni. Ikaingia bila kubana. Akaivua, ikatoka bila tabu.

"Mchana ule nilikuwa nje nafua," akasema polepole. "Nilimsikia mama akipiga kelele, kaka. Nikakimbia. Dada akanizuia mlangoni, akasema mama anaweweseka, tumwache apumzike. Nikarudi kufua."

Akaiweka pete mezani mbele yangu.

"Siitaki. Mmekwisha kuila naye ni hai. Malizia."

Akaondoka. Mwaka wa pili huu hajakanyaga kwangu.

Pete ninayo kwenye droo, na ufunguo wa droo nauvaa shingoni. Kila asubuhi naifungua. Kila asubuhi vibonyeo viwili vimerudi, vidogo, vya mtoto. Navisawazisha kwa tupa. Lakini kabla ya tupa inanibidi niifute pete kwa kitambaa, maana naikuta imelowa mate.