Mawe Aliyoyaondoa Kanini

Kila asubuhi Wavinya alimfungia punda mitungi minne ya maji, akashika njia ya kwenda kwenye kioski cha maji sokoni Kathonzweni. Hata Ijumaa, siku moja tu baada ya mama yake kuzikwa, alienda. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimpa pole, naye akamjibu kila mmoja asante. Hakuhisi kitu. Sauti zao zilimfikia kama za watu wanaozungumza katika nyumba ya jirani.

Mama yake, Nduku, alikuwa ameugua figo kwa miaka miwili. Alizikwa chini kidogo ya nyumba, kando ya mbaazi, na wanaume wakapanga mawe juu ya kaburi ili mbwa wasifukue. Wavinya, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hakutoa hata chozi moja. Shangazi zake walimsifu kwamba ni msichana mwenye moyo mgumu. Yeye alijua kwamba si ugumu wa moyo. Ndani yake palikuwa patupu tu.

Ijumaa hiyo jioni baba yake, Munyao, alienda kurudisha viti vya kanisa. Kanini, mdogo wake Wavinya wa miaka mitano, alikataa kula. Alilia akimtaka mama mpaka sauti ikakauka. Wavinya alikuwa amechoka, na alitaka kelele ile iishe.

"Nyamaza," alimwambia. "Mama atafufuka kama Yesu."

"Jumapili?" Kanini aliuliza.

"Ndiyo, Jumapili."

Kanini alijipangusa uso, akala muthokoi wote, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, uliokuwa kwenye sahani.

Jumamosi Kanini aliosha viatu vya mama na kuvianika juani. Wavinya alimwona. Alijua kwamba alipaswa kumwambia ukweli, lakini mtoto alikuwa akiimba, na kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi.

Jumapili, watu wote wakiwa wanajitayarisha kwenda kanisani, Kanini hakuonekana. Nyanya yao, Susu Syokau, alimtafuta jikoni na nyuma ya tangi. Baba aliuliza kwa majirani, kisha akakumbuka bwawa lililokuwa bondeni, akaanza kukimbia akielekea huko.

"Baba," Wavinya aliita. "Nafikiri yuko kaburini."

Walimkuta huko kweli. Nusu ya mawe yalikuwa yametupwa kando, na Kanini alikuwa anavuta jingine kwa mikono miwili. Kucha zake zilitoka damu. Viatu vya mama vilikuwa vimewekwa sawasawa, tayari kuvaliwa.

"Naondoa mawe," alimweleza baba yake. "Yesu aliondolewa jiwe na malaika. Mama hana nguvu, alikuwa mgonjwa."

Susu alianza kulalamika kwamba ni watoto wa jirani waliomdanganya mtoto. Wavinya angeweza kuliacha neno hilo lipite.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia mama atafufuka leo. Nilitaka anyamaze."

Kisha alipiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Kanini, nilikudanganya. Mama hatatoka leo."

"Kesho?"

"Hata kesho. Sijui ni lini."

Kanini alimpiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, mara nyingi, kisha akamwangukia na kulia. Wavinya alimshika. Alisubiri machozi yake mwenyewe, lakini hayakuja. Alisikia tu joto la mtoto kwenye shingo yake, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kulisikia tangu Alhamisi.

Baba hakumgombeza. Aliketi chini kwenye vumbi akiwa na suti yake ya kanisani.

"Lazaro alipokufa," alisema, "dada yake Martha alimwambia Yesu kwamba anajua ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Aliamini hivyo, na bado alikuwa na uchungu. Yesu naye alilia. Hakumwambia mtu yeyote pale kwamba Lazaro hajafa. Sisi pia tunaamini kwamba mama yenu atafufuka. Siku hiyo Mungu anaijua, sisi hatuijui. Lakini tumaini hili ni la kweli, Wavinya, kwa hivyo halihitaji uongo wa kulisaidia. Mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, kisha ukae naye."

"Mimi silii, baba," Wavinya alisema polepole. "Watu wanadhani nina nguvu. Sisikii chochote."

"Hata mimi," baba alijibu. "Tutangoja. Usijifanye mbele yangu, nami sitajifanya mbele yako."

Hawakuwahi ibada siku hiyo. Susu alileta maji, akamwosha Kanini vidole. Halafu wote wanne wakayarudisha mawe kaburini, moja moja, na Kanini ndiye aliyewaonyesha pa kuliweka kila moja.