Muhuri Mwekundu wa Maduhu

Jamani wenye magari, na ninyi mnaopita kando ya barabara kwa miguu, sogeeni niwaambie ya Maduhu wa Nyasubi, maana yaliyompata yanaweza kumpata yeyote kati yetu kabla ya saa sita mchana.

Nyumba yake ilikuwa na amani. Asubuhi ile mkewe, Mbuke, alikaa mlangoni akinywa chai ya maziwa huku Maduhu akifunga turubai juu ya magunia ya mchele kwenye kirikuu, kigari cha mizigo kilichowalisha miaka minne. Mchele ulikuwa unakwenda Maganzo, kwa wachimbaji wa almasi. Kisha Mbuke akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, na amani ikaishia hapo.

"Baba Juliana, bima yako haionekani."

"Haionekani wapi? Hii hapa!" Akachomoa karatasi yenye muhuri mwekundu mkubwa kama kisahani.

"Siku hizi bima iko kwenye mfumo. Wakala wa kweli angekutumia meseji palepale. Nani kakupa hiyo?"

Alipewa na kishoka mmoja, tapeli wa kibanda cha kuchapa karatasi. Kwanza alikwenda kwa wakala halali, akaambiwa karatasi si lazima tena, ujumbe wa simu unatosha. Maduhu akaona anachezewa. Kwao, hata ng'ombe wa mahari yake waliandikwa kwenye karatasi, rangi kwa rangi, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri. Akatoka kwa wakala akinung'unika, akaangukia kwa kishoka.

"Meseji inafutika, Mama Juliana. Muhuri haufutiki."

"Basi tupite kwa wakala kwanza. Dakika kumi tu."

"Yaya!" alikataa kwa Kisukuma. "Kesho."

Hiyo kesho, ndugu zangu, ndiyo inayonitia hasira mpaka leo.

Njia nzima hakutulia. Alipofika Isaka alipapasa mfuko wa shati mara tatu. Pale Tinde, trafiki aliitazama karatasi juujuu, akampungia apite. Badala ya kufurahi, moyo ukazidi kumwenda mbio, maana ndani yake alishajua kwamba mkewe amesema kweli. Shinyanga mjini alitaka kugeuza gari. Hakugeuza.

Alipoingia Maganzo aliona trafiki wawili mbele, mmoja ameshika simu, anakagua namba za magari. Maduhu akakata kona ghafla, bila hata kuwasha taa, akaingia kijia cha vibanda. Hapo alikuwapo Agnetha, mama mtu mzima anayewauzia wachimbaji maandazi, ameinama anachochea moto.

"Mayo wane! Mama yangu!" alilia kirikuu kilipomgonga, na sufuria zikatawanyika.

Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Trafiki walifika mbio, yule wa simu akaingiza namba.

"Gari hii haina bima."

"Ninayo! Tazama muhuri!"

"Mzee, muhuri huu tumeukuta kwa wengine watatu."

Maduhu alipelekwa mahakamani, na kirikuu kikauzwa ili Agnetha atibiwe. Hata bima ndogo ya halali ingelibeba jambo hilo. Siku Maduhu na Mbuke walipokwenda hospitali kumwona, Maduhu alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa unamkimbia nani, mwanangu?"

"Trafiki, mama."

"Na mimi hukuniona?"

Mbuke ndiye aliyelia.

FUNZO

Bima ni ya yule utakayemgonga. Trafiki ni mkaguzi tu. Ukipenda karatasi, beba karatasi. Ukipenda simu, beba simu. Lakini kabla hujawasha gari, ingiza namba yake uhakikishe ipo kwenye mfumo, na kama haipo, shuka. Usiseme kesho. Agnetha anatembea kwa magongo, na maandazi siku hizi anauza jirani yake.