Marehemu Mzoefu

Kitanda cha dirishani, wodi ya watoto, kilikuwa na mgonjwa mmoja, lakini asubuhi ile kompyuta ya wauguzi ilionyesha wawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mdogo wa kike wa Fundi, aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Wa pili aliitwa Jaribio.

Fundi, mtunza kompyuta za hospitali, alipoitwa kutazama alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Jaribio, mgonjwa wa kubuni, alimjua vizuri, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemtunga. Hospitali ilikuwa na kanzidata mbili: ya kweli, yenye wagonjwa wote, na nakala yake, ambamo mafundi walifanya majaribio wapendavyo bila kumdhuru mtu. Kila alfajiri data za kweli zilimiminwa kwenye nakala ili zilingane, na takataka za jana zikafutika. Jaribio peke yake aliachwa. Fundi alikuwa amechoka kumtunga upya kila siku, akaweka amri kwamba huyo asiguswe. Uvivu tu, hakuna kingine. Hata nafasi za mzazi na makazi alizijaza chapuchapu: mama yake: Fundi mwenyewe; nyumbani: kwa Fundi, ghorofa ya juu, mlango wa bluu.

Tangu hapo walimlaza, wakampasua, wakamuua kila fomu ya kifo ilipobadilishwa, kisha wakamfufua ili wamuue tena. Ofisini walimwita Marehemu Mzoefu.

Lakini data zilitoka kwenye kanzidata ya kweli kwenda kwenye nakala. Njia ya kurudi haikuwepo, na Fundi alikuwa na hakika, kwa sababu mfumo huo aliujenga kwa mkono wake. Akarudi chumba cha mitambo, akalifuta jina la Jaribio kwenye kanzidata ya kweli. Kabla hajainuka likajirudisha, na chumba kile kisicho na dirisha kikaanza kunuka spiriti ya sindano. Nyuma ya mashine mtu akakohoa, kikohozi chembamba cha mtoto.

Alipanda wodini mbio. Mdogo wake alikuwa amesimama mbali na kitanda cha mwanawe mwenyewe, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kile kikohozi.

"Dada, sema polepole," alinong'ona. "Kuna mtu amelala naye."

Shuka lilikuwa limebonyea upande wa dirisha, pasipo na mtu. Fundi akapapasa. Palikuwa baridi.

Mtoto akafumbua macho. "Mama Mkubwa, anauliza kwa nini mnamuua kila mara."

Kisha pumzi ikamkatika, midomo ikaanza kubadilika rangi, wauguzi wakaja na mtungi wa oksijeni, mama mtu akashika chuma cha kitanda, na katikati ya purukushani hiyo simu ya Fundi ikalia, akaipokea bila kujua anafanya nini, akamsikia mkuu wa kitengo chao akieleza kwa furaha kwamba fomu mpya ya kifo inafanya kazi, Marehemu Mzoefu keshakufa, na sasa anataka kumfuta kabisa.

"Mkuu, mfufue," alisema Fundi. "Usifute kitu. Mfufue kwanza."

"Fundi, hiyo ni data tu."

"Mtoto wetu hapumui."

Mkuu hakubisha. Vidole vyake vilisikika vikigonga, na mtoto akavuta pumzi moja ndefu, akaanza kulia.

Fundi alishuka ngazi kurudi chumba cha mitambo. Kumfuta Jaribio ni kumuua tena, na mtoto wa mdogo wake angekwenda naye. Kumwacha ni kumwacha pale pale kitandani. Alikaa akimtazama kwenye skrini, kikohozi kikiendelea nyuma yake, ndipo akaona kitu kilichomtia huruma na aibu. Fomu ya kumruhusu mgonjwa haikuwahi kuharibika, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuijaribu. Kiumbe huyu alikuwa amekufa kwa kila namna, wala hajaruhusiwa kwenda nyumbani hata mara moja.

Akaandika: amepona. Akabonyeza kitufe.

Kikohozi kikakoma. Ile harufu ikaondoka, na kwenye kanzidata ya kweli jina halikuwepo tena. Mdogo wake akapiga simu akicheka na kulia kwa pamoja: shuka limenyooka, homa imeshuka, mtoto anaomba chakula. Fundi alilia bila haya mbele ya mkuu wake, aliyekuja kuona kulikoni.

Jioni alipanda ngazi za kwake akiwa mwepesi kabisa, akiwaza kuoga na kulala. Kwenye ngazi za mwisho akasikia harufu ya spiriti.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi kidogo, naye aliishi peke yake. Akausukuma kwa ncha za vidole. Kitandani kwake shuka lilikuwa limebonyea upande wa ukutani, na upande wa pili lilikuwa limekunjuliwa vizuri, kama wauguzi wanavyomtandikia mgonjwa mpya.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Mama, njoo ulale," sauti ndogo ikasema. "Leo nitajaribu mimi."