Bakuli la Salu

Milembe alikuwa mama ntilie pale Ngulyati. Kibanda chake kilikuwa karibu na kituo cha kununulia pamba. Mwaka ule serikali iliruhusu wafanyabiashara binafsi kununua pamba. Malori yakaja na mizani mipya, na watu wenye njaa wakaja na malori. Ikifika saa sita mchana, Milembe hakupata hata nafasi ya kukaa.

Lakini mtu mmoja akitokea, Milembe aliacha kila kitu. Mtu huyo ni Shigela, mpimaji wa pamba.

"Mwadila, mayu," Shigela alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibu ukae."

Shigela alikaa mahali pake pa siku zote, mlangoni, mbali na wengine. Akafungua mfuko wake, akatoa bakuli. Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lenye ua jekundu ubavuni.

"Niwekee humu," alisema.

Wapakiaji wa pamba wakacheka. "Shigela, una wasiwasi gani na vyombo vya mchumba wako?"

Shigela alitabasamu tu. Milembe naye alitabasamu, ila rohoni hakupenda.

Wote wawili walikuwa wamefiwa. Mboje, mume wa Milembe, alikufa kwa homa miaka minne iliyopita. Salu, mke wa Shigela, alikufa mwaka uliotangulia baada ya kuugua muda mrefu. Baadaye Shigela mwenyewe alikonda, watu wakasema ni majonzi. Kisha siku moja upepo uling'oa bati la kibanda cha Milembe. Shigela alipanda juu akalipigilia, akakataa malipo. Kesho yake alikuja kuangalia kama bati limekaa vizuri. Keshokutwa akaja tena. Bati gani hilo la kukaguliwa kila siku? Milembe alielewa, akafurahi kama msichana. Sasa posa ilikuwa imepokelewa, na msimu wa pamba ukiisha wangefunga ndoa kanisani.

Kasoro ilikuwa moja. Milembe alikuwa na wivu, tena wivu wa kutafuta. Shigela akimpimia pamba mwanamke kijana, Milembe alikuwa anahesabu maneno waliyosemezana. Na kulikuwa na jambo la Jumanne.

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Shigela alivaa shati lililopigwa pasi, akapanda baiskeli, akaenda Bariadi mjini. Akiulizwa, alijibu, "Nina shughuli kidogo." Shughuli gani hiyo inayotaka shati la pasi? Ikafika Jumanne moja Milembe akashindwa kuvumilia.

"Huko mjini una nani?"

"Sina mtu."

"Basi usiende."

"Milembe, lazima niende."

"Ukienda, usirudi hapa. Mimi si mwanamke wa kugawana."

Shigela aliegemeza baiskeli ukutani. Siku hiyo hakwenda. Alipima pamba kutwa nzima, na Milembe alimpikia nyama. Alijiona ameshinda. Kama kuna mwanamke huko mjini, basi na asubiri mpaka achoke.

Wiki tatu zikapita. Shigela akaanza kukohoa.

"Ni vumbi la pamba," alisema. Milembe akamchemshia tangawizi.

Ndipo Ng'washi, jirani yake muuza dagaa, alipomsogelea. "Mwenzangu, lile bakuli la Shigela unalijua?"

"Nalijuaje?"

"Ni la marehemu Salu. Alikuja nalo alipoolewa. Mpaka anaumwa, uji alikuwa anakunywa humo humo."

Milembe aliganda na upawa mkononi. Kumbe! Siku zote hizi alikuwa akipakua chakula chake ndani ya bakuli la mwanamke mwingine. Mwanamke wa mjini unaweza kumfuata, mkavutana kanga, mkamaliza. Marehemu utamfanya nini? Hazeeki, hakosei, hapayuki. Milembe alimwonea Salu wivu mpaka chakula kikamshinda.

Mchana ule lori lilipiga honi Shigela akiwa bado anakula. Alitoka mbio, akasahau bakuli. Milembe alilichukua, akalitia pumba, akaliweka uani. Kuku wakalizunguka.

"Kuleni," aliwaambia, na moyo wake ukapoa kidogo.

Siku ya pili Shigela alipokuja, Milembe alimwekea ugali kwenye sahani mpya ya udongo, zile zilizoanza kujaa madukani.

"Bakuli langu liko wapi?" Shigela aliuliza.

Milembe alionyesha uani kwa kidole. Jogoo alikuwa amesimama ndani yake.

Shigela alisukuma sahani pembeni. "Siwezi kula kwenye sahani yako."

"Kwa sababu si ya Salu!" Milembe alipaza sauti. Wateja wakaacha kutafuna. "Kama bado unamtaka, nenda ukale kaburini kwake!"

Alipoyasema tu, alitamani kuyameza. Lakini kila mtu alikuwa ameshasikia.

Shigela aliinuka, akaenda uani. Alimfukuza jogoo, akaokota bakuli. Mara kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akainama na kushika ukuta. Milembe alimfuata, hasira zote zikiwa zimemtoka.

"Bakuli hili silibebi kwa kumpenda Salu," Shigela alisema alipopata pumzi. "Nalibeba kwa kukupenda wewe."

"Sikuelewi."

"Salu alikufa kwa kifua kikuu. Alianza dawa, akapata nafuu, akaziacha. Na mimi nilipoanza kukohoa nilipimwa, nikakutwa nacho. Sikutaka wewe ule mahali nilipoweka mdomo. Nikachukua bakuli lake, kwa sababu lilikuwa limeshaguswa na ugonjwa huu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Salu alipougua, watu walisema amerogwa. Walikataa hata kukalia viti vyetu. Ng'washi huyu alikuwa anamsalimia kupitia dirisha. Niliogopa na wewe utanikimbia."

Milembe aliketi juu ya kinu. "Hizo dawa unazipata wapi?" aliuliza polepole.

"Hospitali, mjini. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi."

Milembe alihesabu kwa vidole. Kuku walikuwa wakidonoa pumba zilizomwagika.

"Na Jumanne ile..."

"Ulisema nikienda nisirudi."

"Kwa hiyo dawa zimekwisha?"

"Wiki tatu sasa. Nikajiambia, nimemeza miezi mitano, nguvu zimerudi, nimeshapona."

"Kama Salu," alisema Milembe, na machozi yakamtoka. Aliona aibu. Lakini hofu yake ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Kesho tunakwenda," alisema.

"Kesho si Jumanne."

"Kesho tunakwenda!"

Asubuhi Milembe hakuwasha moto kibandani. Alipanda nyuma ya baiskeli ya Shigela wakaenda. Kila Shigela alipokohoa, Milembe alimwambia ashuke wakokote. Hospitalini waliingia chumba cha mwisho, chenye madirisha makubwa yaliyofunguliwa yote. Muuguzi Eufrasia aliinuka mara moja.

"Shigela wangu! Ulipotelea wapi? Nilikungoja Jumanne nzima!"

Wangu? Milembe alikuwa ameingia na hofu ya kifo, lakini wivu nao ukapata pa kukaa. Alimkagua muuguzi kuanzia viatu mpaka kofia. Muuguzi aliliona jicho hilo.

"Na huyu ni nani?"

"Mchumba wangu," alijibu Shigela.

"Vizuri. Kaa, mama. Wagonjwa wote wa kifua hapa ni wangu. Wakipona nawarudisha kwa wenyewe."

Milembe aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemzuia," alisema. "Nilidhani ana mwanamke."

Muuguzi Eufrasia hakucheka. "Sikilizeni wote wawili. Dawa hizi humezwa miezi minane bila kuruka. Mgonjwa hupata nguvu mapema, akadhani amepona. Kumbe vijidudu vingine vimebaki mwilini. Akiacha dawa vinaongezeka tena, na vinaweza kuwa sugu. Hapo dawa zilezile hazitaviua."

"Atakufa?" Milembe aliuliza.

"Amerudi mapema. Tutapima makohozi yake. Ataendelea na dawa, na siku alizokosa atazifidia mwishoni. Dawa hazilipiwi. Kinachotakiwa ni kuzimaliza."

Milembe alivuta pumzi. "Na bakuli je?"

"Bakuli gani?"

Shigela alilitoa mfukoni na kueleza. Muuguzi alitikisa kichwa. "Kifua kikuu hakikai kwenye bakuli. Hakikai kwenye kijiko, wala kiti, wala nguo. Kinapita hewani. Mgonjwa asiyetibiwa akikohoa anatoa vijidudu, na aliye karibu anavivuta, hasa ndani ya chumba kilichofungwa. Ndiyo maana tunafungua madirisha, na mgonjwa anafunika mdomo anapokohoa. Akimeza dawa vizuri wiki kadhaa, kwa kawaida haambukizi tena."

"Kwa hiyo nimelibeba bure miezi yote hii?" aliuliza Shigela.

"Bure kabisa. Hatari ilikuwa zile wiki tatu." Kisha akamgeukia Milembe. "Wewe unakohoa?"

"Hapana."

"Mtu akikohoa wiki tatu, aje apimwe. Asingoje akonde. Na hakuna aliyerogwa hapa."

Siku chache baadaye majibu yalitoka. Vijidudu havikuonekana katika makohozi. Milembe alilia tena, safari hii mbele ya wateja, na hakujali.

Tangu hapo, kila asubuhi Shigela alipitia kibandani kabla ya kwenda kwenye mizani. Alimeza dawa Milembe akimtazama.

"Fungua mdomo," Milembe alimwamuru, akachungulia kama anayekagua meno ya ng'ombe mnadani. Jumanne ya kwanza ya mwezi alimpigia shati pasi yeye mwenyewe. "Msalimie mwenzangu wa mjini," alimwambia.

Msimu wa pamba ulipoisha walifunga ndoa. Juma lile lile Ng'washi alikuja mlango wa nyuma, kanga mdomoni.

"Shoga, mwezi mzima huu nakohoa," alinong'ona. "Yule muuguzi wenu anapatikana siku gani?"

Milembe alikumbuka habari ya dirishani. Angeweza kumsema. Badala yake alimvutia kiti chake mwenyewe. "Kaa kwanza. Kesho nitakupeleka."

Mvua za kwanza zilipoanza, Shigela alimaliza dawa. Makohozi yalipimwa tena. Alikuwa amepona. Milembe alifungua madirisha yote ya nyumba, akasonga ugali. Alilichukua lile bakuli lenye ua jekundu. Alikuwa amelisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Akatia mlenda ndani yake, akaliweka katikati ya mkeka.

Shigela aliingia, na kwa mazoea akaenda kukaa mlangoni.

"Njoo hapa," alisema Milembe.

Shigela alisogea. Milembe alikata tonge, akachovya wa kwanza, akala. Shigela alimtazama mpaka akameza.

"Hili ni la Salu," alisema taratibu.

"Najua. Nilimwonea wivu asikuchukue, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakupeleka kwake." Alilisogeza bakuli karibu na mumewe. "Siku hizi namwombea. Na bakuli lake, tutakula humu humu, sote wawili."

Shigela alifuta macho. Kisha akamkumbuka yule jogoo, akacheka. Alicheka kwa nguvu, kifua kizima kikitikisika. Milembe alitega sikio, kama alivyozoea kwa miezi, akingoja kikohozi kifuate.

Hakikuja.

"Kula," alisema.