Amelala, Piga Jioni

Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Upepo haukuwapo, na moshi mwembamba wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umeificha milima ya Kongo, kana kwamba ng'ambo ya pili hakuna nchi.

Skolastika alishuka mteremko wa Kibirizi, soko la samaki pale Kigoma, akiwa amevaa gauni la kitenge la buluu, raba nyeupe na kofia pana ya ukili. Kimoyomoyo alikuwa akisali: "Bwana, nipatie boti. Yoyote tu, mradi isivuje."

Kazi yake ilikuwa kuongoza matembezi ya asubuhi. Watu sita, boti moja, kutoka Kibirizi kuizunguka rasi ya Bangwe mpaka Ujiji, na kurudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Leo boti yao ya siku zote ilikuwa imeharibika injini, na wageni, wauguzi waliokuja Kigoma kwa semina, walikuwa wameshafika, wanapigana picha barabarani.

Soko lilikuwa limechangamka. Wapagazi walipita mbio na magunia wakipiga mluzi ili wapishwe, na wanawake walikuwa wakiwamwaga dagaa mchangani na kuwatandaza wakauke. Skolastika alizitazama boti, hakuitazama miguu yake. Alishtuka kusikia kitu kikilainika chini ya raba.

"Wewe dada wa kofia! Hao ni dagaa, si zulia!"

Aliruka nyuma kwa aibu, akatua katikati ya fungu jingine. Wanawake waliangua kicheko.

"Simama hapo hapo," sauti ile ile ilisema. "Ukiruka tena, leo mji mzima utakosa mboga. Nipe mkono."

Alikuwa kijana mrefu, shati limepauka kwa jua, suruali imekunjwa hadi magotini, rozari ya mbao shingoni. Alimtoa kwa uangalifu, kama mtu anayevusha kondoo kwenye tope.

"Samahani sana," Skolastika alisema. "Mimi natoka Kasulu."

"Ah, Kasulu! Basi umesamehewa. Kule mnaanika maharage tu." Kisha akainama kidogo, akapiga makofi ya polepole kama wafanyavyo Waha wanapoheshimiana. "Mwakeye?"

"Mwakeye neza," alijibu naye akipiga makofi, na kabla hajajizuia alikuwa anacheka.

Jina lake lilikuwa Feliksi, na boti ya kijani iliyofungwa pale karibu ilikuwa yake na kaka yake.

"Usiku tunavua kwa taa," alieleza. "Lakini sasa mwezi umekuwa mkubwa, dagaa hawajali taa zetu, kwa hiyo tunapumzika. Nilikuwa naelekea nyumbani kulala."

"Usilale, tafadhali. Nina wageni sita na sina boti."

Feliksi alimtazama kwa mshangao wa kuchekesha. "Wanawake wote ninaowajua huniambia nenda kalale. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba nisilale."

"Leo tu."

"Haya, leo tu," alisema. Lakini macho yake yalisema mengine.

Walipoanza safari, Skolastika aliwavalisha wageni jaketi okozi, akawaombea safari njema kwa sauti, akaketi na kuukamata ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. Aliwaonyesha jengo la zamani la stesheni juu ya bandari, mawe makubwa ya Bangwe, na samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wakicheza chini, kwenye maji maangavu kama kioo. Alisema yote hayo kwa ufasaha, na hakuachia ukingo hata kidogo.

"Kiongozi," Feliksi alinong'ona kutoka kwenye injini, "huo ubao haukimbii. Uachie."

"Wewe endesha, Nahodha."

"Naendesha. Lakini naogopa utaung'oa, tuzame."

Walipofika Ujiji alikuwa ameachia mkono mmoja. Walipokuwa wanarudi aliachia wote wawili, kwa kuwa Feliksi alimpa kipande cha muhogo na samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, na chakula hicho hakiliki kwa mkono mmoja.

Ndivyo ilivyoanza. Wakati wote mwezi ulipokuwa mkubwa, boti ya kijani ndiyo iliyochukua wageni, na jioni simu ya Skolastika iliita kabla hajamaliza kusali.

"Kofia, umekula?"

"Nimekula. Na acha kuniita Kofia."

"Nikuiteje? Mpenzi?"

Skolastika akacheka kwa pua. "Kofia ni sawa."

"Umesikia, ee Bwana? Amekataa mwenyewe."

"Sijakataa! Feliksi! Nimesema ni sawa kwa *leo*."

Mwezi ulipoanza kupungua, Feliksi alimweleza kwamba anakwenda Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, ambako kaka yake alikuwa na kambi ya uvuvi. Watavua huko giza lote, zile siku ambazo mwezi hauonekani, kisha atarudi. "Nipigie wakati wowote," alimwambia ufukweni, akimwekea vizuri kofia yake kichwani. "Wakati wowote, mpenzi." Siku hiyo Skolastika hakumkosoa.

Alipiga asubuhi moja, saa nne, akiwa dukani, mtaa wa Mwanga, akichagua kitambaa. Alitaka kumwuliza anapenda rangi gani.

"Haloo," ilijibu sauti nyembamba, laini, ya kike.

Skolastika aliitazama namba. Ilikuwa yenyewe. "Samahani, namtaka Feliksi."

"Amelala."

"Amelala? Saa hizi?"

"Amelala, na simwamshi, amechoka mno. Piga jioni."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayekaa na simu yake. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni Skola."

"Skola yupi? Wanaopiga hapa ni wengi, siwezi kuwajua wote." Na simu ikakatwa.

Muuzaji alimwuliza kama amechagua. Skolastika alikirudisha kitambaa mezani, akakikunja vizuri, akatoka.

Jioni Feliksi alipiga, Skolastika akakata. Akapiga tena, naye akakata tena. Kisha akaandika: "Ulale salama, Feliksi. Usinipigie tena." Akaizuia namba yake, akaenda kanisani, akapiga magoti kwenye benchi la mwisho. "Bwana," alisali, "kama umeniepusha, asante. Lakini ungeniepusha kabla sijamzoea."

Mwezi ulipokua tena Feliksi alikuja ofisini kwao. Skolastika alimwona dirishani, akakimbilia stoo na kujificha nyuma ya jaketi okozi mpaka aliposikia ameondoka. Alitoka akiwa na utando wa buibui kwenye nywele. Bosi wake, Bwana Elikana, alimtazama, kisha akamwambia kwamba ofisi yao ya Arusha inahitaji mtu. Mtu mwenye sauti nzuri, anayependa wageni. "Wanataka jibu Jumamosi, kabla ya mchana. Ukikubali, unaondoka na treni ya kwanza."

Kabla ya kulala Skolastika alisali: "Bwana, niende?" Alilala akiwa ameamua kusema ndiyo.

Jumamosi ikafika. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kuosha moshi wote. Milima ya Kongo ilionekana wazi, ya buluu, karibu kama mtu angeinyooshea mkono aiguse. Pale Kibirizi ilikuwa inamngoja boti ya kijani.

"Wauguzi wale waliisifu sana," Bwana Elikana alikuwa amesema. "Nimeikodi."

Feliksi alikuwa amekonda. "Habari za asubuhi, Kofia."

"Naitwa Skolastika."

"Habari za asubuhi, Skolastika."

"Nzuri. Wageni wako wapi?"

Walikuwa watano. Mzee Saidi, mwalimu mstaafu aliyevaa kanzu na koti, na mkewe Bi Fatu, aliyejifunga khanga za rangi ya chungwa. Wamezaliwa Ujiji, wamezeekea Ujiji, na hawajawahi kuutazama mji wao kutoka majini mpaka watoto wao walipowalipia safari hii. Pamoja nao, wasichana watatu kutoka chuo cha ualimu. Na mbele kabisa kulikuwa na bibi mmoja mnene, amejifunika kitenge gubigubi, kikapu kimekumbatiwa kifuani.

"Huyo je?"

"Ni bibi wa Kagunga. Bwana Elikana ameniruhusu nimpe nafasi ya sita," alisema Feliksi. "Amesafiri usiku kucha kwa boti, ana shughuli Ujiji. Amelala."

"Naona huko Kagunga kulala ndiyo kazi," Skolastika alisema. Feliksi akawasha injini.

Hata hivyo, asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Walipoizunguka Bangwe, wasichana waliimba. Walipoikaribia Ujiji, Mzee Saidi alisimama, mkewe akamkamata koti.

"Fatu! Ule si mnara wa msikiti wetu? Mbona mdogo?"

"Keti, utaanguka. Mdogo ni wewe. Miaka yote unautazama kwa chini."

"Na ile michikichi! Ni ya majirani zetu kina Nuhu ile!" Mzee alikuwa na machozi, naye hakujali. Skolastika alimwonea wivu kidogo, mtu aliyekaa na mwenziwe mpaka wakagombana namna hiyo.

Hapo ndipo simu iliita ndani ya kikapu. Bibi aligutuka, akapekua, akatoa simu moja, akaitazama, akairudisha, akatoa nyingine.

"Haloo," alisema kwa sauti nyembamba, laini kama ya msichana wa kwaya. "Amelala. Simwamshi. Piga jioni."

Skolastika alihisi boti imesimama, kumbe ni pumzi yake.

"Nani amelala, bibi?" aliuliza Bi Fatu.

Bibi alijicheka. "Ah, hata hajalala, mwezi ni mkubwa! Ni mazoea tu, mwenzangu. Mimi ni Leonia, nina duka la kuchaji simu pale Kagunga. Vijana wa boti wanavua usiku, mchana wanalala, na simu zao zinalala kwangu, kwenye sola. Zikiita napokea zote, usije ukawa msiba mtu asipate habari. Hizi zimepasuka vioo, nimezileta kwa fundi, na bado zinaita!"

"Bibi," Skolastika alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ya Feliksi pia ilikuwa kwako?"

"Ile ya kifuniko chekundu? Ilikuwa kwangu. Alipiga binti mmoja, Skola sijui Skora, ana hasira huyo! Nikamwambia wanaopiga ni wengi, maana simu zilikuwa kumi na kitu zinalia kama vifaranga. Tangu hapo kijana hali chakula."

Feliksi alizima injini. Boti ikaelea kimya mbele ya Ujiji.

"Skola," alisema polepole. "Ulidhani Bibi Leonia ni..."

"Mimi?" Bibi alishangaa, akafungua kinywa kuonyesha pengo. "Na meno haya?"

Boti nzima ilicheka, Mzee Saidi akakohoa kwa kucheka mpaka Bi Fatu akampiga mgongoni. Skolastika alishusha kofia yake hadi puani.

"Nisamehe," alisema kutoka chini ya ukili. "Sikukuuliza hata neno moja."

"Mimi ndiye sikukueleza. Huku ziwani kila mtu anajua simu inalala kwa Bibi Leonia. Nilisahau kuwa wewe ni mtu wa maharage."

Kofia ilitikisika kwa kicheko. Wakati huo huo simu ya Skolastika ikaita, akapokea, na wote waliisikia sauti ya Bwana Elikana. "Skolastika, Arusha wanasubiri. Unakwenda au huendi?"

Feliksi aliacha kutabasamu. "Unahama?"

Skolastika aliishika simu, akamtazama.

Bi Fatu akajitengeneza khanga. "Kijana, kama una neno, liseme sasa. Na sema kwa sauti, mashahidi tunatosha."

"Bwana Elikana," Skolastika alisema kwenye simu, "naomba usikate. Ngoja kidogo."

Feliksi alisimama, akaishika rozari yake. "Mimi Feliksi, mwana wa Eliakimu, ninaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Giza hili litakalokuja nitavua kwa mara ya mwisho nikiwa bila mchumba. Mwezi ukiwa mkubwa tena, wazee wangu watakwenda Kasulu kubisha hodi kwa kina Skolastika. Akinipokea. Na kama Mungu anapenda."

"Inshallah," alisema Mzee Saidi.

"Na mimi nitakwenda nao!" alisema Bibi Leonia. "Simu zitalala peke yake."

Wote wakamgeukia Skolastika. Aliinua kofia, macho yamelowa, akaisogeza simu mdomoni.

"Bwana Elikana, waambie Arusha nawashukuru. Mimi nabaki." Kisha, bila kuikata, akasimama katikati ya boti, na safari hii hakukamata kitu chochote.

"Mimi Skolastika ninampokea. Na ninaahidi mbele yenu wote, hata Bwana Elikana anasikia, kwamba siku yoyote nikipiga simu nikaambiwa Feliksi amelala, nitasema: asante, bibi, mwache alale. Nitapiga jioni."

"Amina!" wasichana waliitikia, na Bibi Leonia akapiga kigelegele kilichosikika hadi ufukweni Ujiji.