Hita Inayolia

Hita mpya ililia mara ya kwanza ilipowashwa ili mtoto aogeshwe. Haikunguruma wala kupiga mluzi. Ililia, kwa sauti nyembamba ya kitoto inayokatika pumzi. Ashrafu, fundi bomba anayejulikana mtaa mzima wa Kwa Mathias kwa maneno mengi, alicheka na kumwambia mkewe Rahma kuwa hiyo ni hewa kwenye bomba. Alicheka peke yake.

Mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, alikuwa ametoka kijijini kwake Kibuta kuja kumkanda Rahma aliyejifungua na kumwogesha mjukuu. Alipima maji kwa kiwiko, akapima tena, ndipo akamtia mtoto, Zaidi, kwenye beseni. Mtoto alipotolewa alikuwa na lengelenge mgongoni, na bafu zima lilinuka nywele zilizoungua.

"Mama, umemuunguza!" Rahma alipiga kelele.

"Wallahi maji yalikuwa vuguvugu, mwanangu. Muulize mumeo, kaniona nikipima."

Ashrafu aliinama, akajifanya anakaza nati.

Alijua. Hita ya zamani iliharibika kifaa cha kukata joto, maji yakawa yanachemka bila kukoma. Fundi mwenye akili zake huzima umeme akaacha tangi lipoe, lakini siku ya kuibadilisha mteja wa Mlandizi alikuwa anampigia simu bila kupumua. Basi akafunga mpira wa maji kwenye tangi, akauelekeza kwenye kichuguu nyuma ya choo, akafungulia maji yakitokota. Hata bismillahi hakusema, wala lile "tupisheni" la kabla ya kumwaga maji ya moto alilofundishwa na bibi yake tangu utotoni, kwamba ardhini nako wamo wenye watoto wao. Ndani ya kichuguu kitu kililia. Akajiambia ni mvuke, akaendelea na simu yake.

Sasa aliona haya kusema, na kadiri alivyochelewa ndivyo haya ilivyozidi. Malengelenge yaliongezeka kila Bi Mwanamvua alipomwogesha mtoto, hata kwa maji baridi ya mtungini. Rahma akamwambia mama yake maneno ambayo mtu hamwambii mzazi wake, kwamba amezeeka, haoni, aende kwao kabla hajamuua mtoto. Bi Mwanamvua alifunga kanga zake huku analia. Ashrafu ndiye aliyembebea mfuko hadi kituoni, roho ikimuuma njia nzima, akampandisha gari.

Aliporudi alasiri alimkuta Rahma amekaa sakafuni bafuni na mtoto mapajani, hita imezimwa lakini inalia, harufu ya nywele imejaa hadi sebuleni, na mkono wa Rahma ulikuwa unabembeleza hewa pembeni yake kama vile pana mtoto wa pili, na alipoinua uso macho yalikuwa yake, ila aliyekuwa akitazama kwa macho hayo hakuwa yeye.

"Mwanangu ameungua," sauti ilisema taratibu, sauti ya mama aliyechoka kulia. "Nani kamwaga?"

"Tusamehe," Ashrafu alinong'ona.

"Sikufuata msamaha. Nitajie aliyemwaga, nikuachie wako."

Jina lake mwenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini aliogopa, aliogopa kuliko alivyompenda mtu yeyote, na kwa kuwa nyumba ilishamlaumu mwingine, jina la huyo mwingine likatoka kwa wepesi.

"Bi Mwanamvua."

Hita ikanyamaza. Rahma akapepesa macho, akauliza amefikaje sakafuni. Mgongo wa Zaidi ulikuwa laini, hauna hata alama.

Asubuhi simu ilitoka Kibuta. Majirani walimkuta Bi Mwanamvua kitandani, ameungua kuanzia shingoni hadi nyayoni, na tangu arudi hakuwa amewasha moto jikoni kwake.

Hospitalini Rahma alibaki mlangoni na mtoto. Ashrafu akaingia peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Bi Mwanamvua alimshika mkono kwa vidole vilivyofungwa bandeji. "Mwambie mwenzio anisamehe. Nimewaza sana. Pengine kweli yale maji yalikuwa ya moto."

Ashrafu alilia kwa uchungu, machozi ya kweli kabisa.

"Nitamwambia, mama," akasema.