Mpokeaji wa Chumba cha Uani

Wa kwanza kumwambia dobi wa hospitali jambo hili alikuwa karani wa benki. Dobi alimpelekea taarifa ya akaunti yenye malipo matatu asiyoyajua, huku moyoni ameshamhukumu mumewe kwamba ana mwanamke nje. Karani akamweleza taratibu kwamba jina linalotokea kwenye taarifa mara nyingi ni la kampuni, si la duka lenyewe la mtandaoni. Alinganishe tarehe na oda zilizo kwenye simu yake. Wakalinganisha pamoja.

"Dada, hakuna aliyekuibia," karani akasema. "Vitu vimeagizwa kwa simu yako na vimefika nyumbani kwako."

Jioni alimwonyesha mumewe, kinyozi. Blanketi la mtoto. Chupa ya maziwa. Kofia ya sufu. Vyote vilifika saa sita mchana, wakati yeye yuko kwenye mashuka ya wagonjwa, mume yuko saluni, na mtoto wao wa miezi minane yuko kwa bibi yake, mtaa wa pili.

"Mimi hata soksi zangu unanichagulia wewe," mume akasema. "Kofia ya mtoto ningeijulia wapi?"

Chini ya kila oda palikuwa na jina la mpokeaji: Mwenyeji wa Uani. Dobi akalisoma mara mbili. Jina hilo aliliandika mwenyewe siku alipoagiza pasi, fomu ilipotaka mtu wa kupokea mzigo endapo wao hawapo. Hawakuwa na mtu. Chumba cha uani walikikuta kimefungwa walipohamia, mwenye nyumba akawaambia wakiache hivyo hivyo, nao wakazoea kutaniana kuwa aliyemo humo halipi kodi. Akaandika, wakacheka.

Walimpigia mpeleka mizigo. Akasema yule mama anayepokea ni mstaarabu, hutoa mikono miwili tu mlangoni, hasemi neno.

Kesho yake hawakwenda kazini, na mtoto wakabaki naye. Jua lilipofika utosini, harufu ya maziwa yaliyochacha ilitanda sebuleni, halafu kitambaa kikasikika kikikung'utwa, halafu sauti ya mtu anayebembeleza, sauti nyembamba isiyokata pumzi, ikaendelea na kuendelea hata mume aliposukuma mlango wa chumba cha uani, nao ukafunguka, na wote wakaona chumba kitupu, blanketi limetandikwa sakafuni, limebonyea katikati kama palipolala mtoto, na chupa kando yake ingali na joto. Mtoto, mikononi mwa mama yake, akacheka na kuinyooshea mikono kona tupu ya chumba.

"Amemzoea," mume akanong'ona.

Simu ikatetemeka. Malipo mengine yamekatwa: mbeleko moja, itafika kesho asubuhi.

Usiku ule mama mkwe aliwaambia kuwa aliyemkaribisha mgeni wa namna hiyo ndiye mwenye uwezo wa kumtoa, na si mwingine. Dobi ni mtu ambaye hata kwenye foleni hupitwa kwa kuona haya kusema. Lakini asubuhi aliketi kwenye kizingiti cha chumba cha uani, mtoto akinyonya, akasema kwa sauti kwamba jina lile alilitoa kwa mzaha, sasa amelifuta, na mtoto huyu ana wazazi wake. Hodi ilipopigwa mlango wa mbele, alihisi nyuma yake mtu akiinuka. Akamwahi. Mpeleka mizigo alipouliza mpokeaji ni nani, alinyoosha mkono wake mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Mama yake."